Unywele kwenye slaidi

Leo nimeungama kwa daktari kosa ambalo sikulifanya.

Mnajua mimi ni wa maabara hapa Isiolo. Asubuhi daktari ameniletea majimaji aliyovuta kwa sindano kwenye uvimbe wa ovari ya msichana wa miaka kumi na tisa. Niangalie kama kuna seli za saratani. Mamake, wametoka Kinna, yuko nje kwa benchi na tasbihi.

Nikapaka tone kwenye slaidi ya kioo, nikaiweka kwa hadubini.

Unywele.

Na seli za ngozi kibao, kama mba.

Nikajua ni mimi. Nilisukwa Jumamosi, kichwa kinawasha, najikuna tangu nifike kazini.

Slaidi nikaificha kwa droo. Nikaazima mtandio wa Halima wa mapokezi, nikajifunga mpaka masikio. Akaniuliza nimesilimu lini.

Slaidi ya pili: unywele tena, na mba ile ile.

Hapo nikaenda kwa daktari. "Nimechafua sampuli ya mtoto wa watu."

Akaangalia, akacheka mpaka akavua miwani.

"Si zako. Kuna uvimbe wa ovari unaoota ngozi na nywele ndani, na wasichana huupata sana. Mara nyingi si saratani. Tutautoa, tuupime wote."

Baadaye mama akapitia dirishani kwangu.

"Salaam aleikum. Ni wewe uliona zile nywele? Una macho, binti yangu."

Nikaitikia tu, na mtandio wangu wa kuazima. Slaidi ya kwanza bado iko kwa droo.

Chekeni.