Mwanafunzi aliniuliza mzizi wa mti wa uhai uko wapi, nikakwama katikati ya interview

Wakuu, habari za saa hizi. Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni graduate wa Biology, naishi Kikuyu hapa Dodoma. Miaka miwili sina ajira. Wiki mbili zilizopita nikaitwa interview shule moja ya private, Nzuguni. Usingizi niliusikia kwa majirani tu.

Interview yenyewe: fundisha Form Six, academic master amekaa nyuma na karatasi.

Nikachora mti wa uhai. Binadamu juu kabisa, bakteria chini, kwenye mzizi.

Binti mmoja, Neema, akanyoosha mkono. "Sir, bakteria wa leo si wanaishi leo kama sisi? Wamekuwaje mzizi?"

"Kwa sababu ni... wadogo."

Wakuu, wadogo! Darasa likaangua kicheko. Academic master akaandika kitu. Mpaka leo nawaza aliandika nini.

Nikakiri: "Sijui. Nitakuletea jibu."

Nikaambiwa tutakupigia. Nyumbani nikasoma mchana kutwa.

Ukoo wetu ukibishana nyumba ipi ilijitenga kwanza, baba huita mkwe, mtu wa nje, awe shahidi. Sayansi nayo hutafuta kiumbe cha nje ya kundi, ili kujua tawi lipi lilijitenga kwanza. Sasa kwa uhai wote utamwita nani? Mtama ni ndugu. Mbuzi ni ndugu. Hata fangasi wa ukutani. Hakuna mgeni!

Halafu nikakuta hili, nikasimama.

Kuna gene zilizojinakili kabla matawi makuu hayajaachana, hivyo yote yakarithi nakala mbili. Ukichora mti wa nakala moja, ile nyingine ndiyo inakuwa mkwe. Mara nyingi mzizi unaangukia kati ya bakteria upande mmoja, na archaea, vijidudu vingine vya seli moja, pamoja na sisi upande wa pili. Wataalamu bado wanabishana, ila mimi nilisisimka mwili mzima.

Kesho yake nikarudi bila kuitwa.

"Kijana, si tulisema tutakupigia?"

"Shikamoo mwalimu. Nilimwahidi Neema jibu."

Academic master akanipa dakika kumi.

Nilipomaliza, hakuna aliyecheka. Neema akautazama mkono wake. "Kwa hiyo sir, shahidi tunaye humu ndani muda wote?"

Nikaitikia kwa kichwa tu.

Academic master akasimama. "Jumatatu, saa moja kamili. Na binadamu usimpandishe juu tena."

Nilichojifunza: neno "sijui" nililiogopa kuliko kukosa kazi, kumbe ndilo lililonirudisha pale.

Leo asubuhi nimemwagilia mzabibu wetu uani, nikajikuta nimeusalimia.

Wajuvi nirekebisheni nilipokosea. Na wewe, swali gani liliwahi kukutoa jasho?