Kioo Kisichofunikwa

Harufu ya vumbi lililoguswa na matone ya kwanza ya mvua hunifanya nitazame juu mpaka leo. Kwetu Titye, kijiji cha Kasulu, miaka ile ya sabini, harufu hiyo ilikuwa na maana moja: radi inakuja. Mama alifunika kioo kwa kanga, akaficha nguo nyekundu, na sisi watoto tukakaa mbali na mlango. Msimu uliotangulia radi ilimuua jirani yetu akiwa mlangoni kwake, kwa hiyo hatukuwa na mzaha nayo.

Lakini jioni moja Mama alitutoa nje mawingu yakiwa yametanda. Kesho yake Bibi angepanda lori hadi Kibondo, kisha avuke mpaka pale Mabamba kurudi Burundi, kumtafuta mwanawe aliyebaki huko tulipokimbia mauaji. Tulimsihi asiende, akakataa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nasi hatukuwa na picha ya Bibi hata moja. Mama akamwita mpigapicha kutoka Kasulu mjini, naye akafika amechelewa, amebakiwa na balbu moja tu ya fleshi, zile za kuwaka mara moja na kuungua.

Alitusimamisha, vilima nyuma yetu, jua likichungulia huko huko nyuma chini ya wingu. "Bila fleshi mtatoka weusi kama masizi," alisema. "Na nikiibandika kwenye kamera, nyuso zitapauka. Ikae pembeni." Akampa Baba aishike, pamoja na waya wake mrefu na bakuli lake linalong'aa. Bibi akalikodolea macho. "Mwanangu, na hicho kioo mbona hamjakifunika?" Mama akamwambia ni taa tu. Nilimshika Bibi mkono. Akanivuta karibu.

Mwanga ukapasuka kutoka ubavuni. "Bana banje! Wanangu!" Bibi akapiga kelele, akatufunika mimi na mdogo wangu kwa kitenge chake, akainama juu yetu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baadaye tulicheka sana, isipokuwa Mama. Balbu ilikuwa imekwisha, na alfajiri lori likaondoka.

Bibi hakurudi. Picha ilitoka safi ajabu: vilima vinaonekana, wingu linaonekana, hata maua ya kitenge. Uso wa Bibi haupo. Siku hizi wajukuu wananipiga picha kwa simu kabla sijameza tonge. Wakiuliza Bibi yangu alikuwaje, nawaonyesha mgongo ulioinama. Sura yake imenitoka, na hilo linaniuma. Ila radi ikipiga, mikono yangu huwafunika kwa kanga kabla sijafikiri, nao hunicheka.