Mifuko ya Fundi wa Picha

Fundi wa picha za sumaku (MRI) hospitalini huisukuma inkubeta yake maalumu, kisanduku cha kumbebea kichanga, isiyo na hata chembe ya chuma, kwa madaha kama bwana harusi. "Sista, kichanga kwangu hulala fofofo!" hujigamba kwa muuguzi, vidole vyake vinene vikimviringishia mtoto shuka taratibu. Siku moja utani ulimnogea mno. Mashine ya picha ilipoanza kugonga kwa kishindo, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Fundi akaizima, akajipapasa: vizibo vya masikio ya mtoto vilikuwa mfukoni mwake. Hakuna aliyeona. Akamfuata mama mtu, macho chini.

"Mama, nilisahau kumziba mwanao masikio. Apimwe kusikia."

"Mdomo wote ule, baba, kumbe masikio ya mwanangu umeyatia mfukoni?"

Mtoto alipimwa, akakutwa mzima. Lakini hadi leo, kabla ya kuisukuma inkubeta, fundi huipindua mifuko yake nje mbele ya kila mama, aone ni mitupu, kimya.