Salamu Zilizokwama Dakika ya Kumi na Nne

Tk-tk-tk. Ndivyo ilivyosikika, kama ukucha unaogonga bati. Kisha sauti ya Bi Mize ikakatika na uso wake ukaganda kwenye kioo cha laptopu. Yaliyofuata yalinifika mimi mwenyewe, mchana kweupe, nyumbani kwa shangazi yangu, mjini Wete, na nayaeleza kwa mpangilio kwa sababu maelezo mengine yote nimeshayajaribu.

Laptopu ilikuwa mpya, ya wacheza gemu. Mimi sichezi, lakini muuzaji alinihakikishia kuwa hizo ndizo zenye nguvu ya kuhariri video, nami nilikuwa na mahojiano mengi ya shahada ya uzamili kuhusu msamiati wa wasukaji mikeka. Bi Mize wa Gando ndiye aliyenifundisha zaidi. Katikati ya mahojiano aliuweka chini ukili aliokuwa akiusuka, akaitazama kamera, akanituma kwa kaka yake, Mzee Faki wa Shumba. Walikuwa hawasemezani tangu uchaguzi. Kila mmoja na chama chake, hata misiba hawakuendeana.

"Mwambie Faki namwomba radhi, na miye nshamsamehe. Vyama vimetukuta tushazaliwa tumbo moja."

Akanipa na namba ya simu. Sikupiga. Nilijiambia kwamba mtafiti haingii katika ugomvi wa vyama. Zikapita wiki tatu, na siku ile nilikuwa nimekaa kukikata kipande hicho, kwa kuwa hakikuhusu mikeka.

Mwanzoni video zote zilikwama: sauti ikikatika, midomo ikitangulia maneno. Nilibadilisha hedifoni, nikachomeka chaja, nikaondoa mpangilio wa kubana umeme, nikasasisha programu ya kadi ya picha. Mwisho nilizima waifai, na kila kitu kikanyooka. Kosa nikawa nimelijua, nikaliandika daftarini. Isipokuwa dakika ya kumi na nne, kwenye neno "mwambie": tk-tk-tk. Nikalihamishia faili kwenye kompyuta yangu ya zamani. Tk-tk-tk, pale pale. Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri faili limeharibika. Nikaizima laptopu nipumzike.

Alasiri nikasikia hodi. Moja tu. Kwetu hodi hupigwa hadi tatu, na anayepiga moja akanyamaza haitikiwi mpaka ajulikane ni nani, nimelelewa hivyo. Lakini ulimi wangu ulizoea adabu kuliko tahadhari.

"Karibu," nikaitika.

Bi Mize alisimama kizingitini na kanga ile ile ya kwenye video. Nikamwamkia; hakuitika.

"Mwanangu, mbona wataka kunikata?"

Niamini: midomo yake ilitangulia, sauti ikaja nyuma. Niligeuka kuitazama laptopu, nikidhani ndiyo inayosema. Kioo chake kilikuwa cheusi.

"N'likutuma. Mwambie Fa... Fa... Fa..."

Nilipogeuka tena, aliyesimama mlangoni alikuwa shangazi, akivua viatu.

"Na hiyo hirizi yako ya masikio ivue," akaniambia. "Nyumba itabebwa na weye umo ndani." Hapo ndipo nilipotambua kwamba hedifoni zilikuwa bado masikioni mwangu, zimeyaziba vizuri. Kisha akashusha sauti. "Bi Mize wa Gando kafariki, tangu Adhuhuri. Wazika baada ya Magharibi."

Leo video ile inapita bila kukwama, na fundi aliyeikagua hakuona kasoro. Kipande sijakikata. Hodi ya kwanza siiitiki tena, na wageni wananiona nina kiburi, na wanione. Lakini wewe unayesoma, ukikabidhiwa radhi ya mtu, ifikishe siku hiyo hiyo. Usijipe kazi ya kupima kama inakuhusu.

Simu ya Mzee Faki nimeiacha mwisho. Niliipiga pale pale, shangazi akiwa bado amesimama mlangoni.

"Shikamoo, Mzee Faki. Nina salamu za Bi Mize." Nikamtajia maneno yale, neno kwa neno.

"Salamu za nini, na mwenyewe kaja hapa alasiri hii? Kapiga hodi moja. Sauti n'liijua. Ndo maana s'kuitika."

"Mzee," nikamwambia, "Bi Mize alifariki Adhuhuri."

Nilisikia kiti kikisukumwa, na mtu akiulizwa ufunguo wa pikipiki uko wapi.

"Waambie wan'ngoje," akasema. "Wasimzike mpaka n'fike."