Siku Mingo Alipofungua Lango Kubwa

Mingo Brayboy alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu: kushukuru. Mpe bakuli la wali wa kunde, anashukuru. Mpe nusu bakuli, anashukuru vilevile. Mvua ikimpiga njiani anasema asante, angalau vumbi limelala. Rafiki yake Scipio alikuwa akimtania, "Wewe ukifa utamshukuru mchimba kaburi kwa kukupima vizuri."

"Sasa nisimshukuru? Akilichimba fupi si nitakunja miguu milele?"

Alizaliwa utumwani, kwenye shamba la mpunga la ukoo wa Tarrant, kando ya Mto Santee, Carolina Kusini. Baba yake alikuwa mlinzi wa malango ya maji, na kazi hiyo ndiyo urithi pekee aliomwachia. Mpunga wa kule hauangalii mbingu. Bahari iko mbali kidogo, lakini inausukuma mto ujae na kupwa mara mbili kwa siku, na mtu wa malango ndiye anayejua lini ayaingize maji matamu shambani na lini ayatoe. Akikosea, chumvi inaingia, na mwaka mzima umekwenda na maji. Mingo alikuwa akichovya kidole mtoni, anakilamba, halafu anakwambia chumvi iko maili ngapi. Alikuwa hajakosea tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

Uhuru ulipokuja mwaka elfu moja mia nane sitini na tano, wengi waliondoka shambani. Yeye alibaki. Mama yake alizikwa pale, watoto wake wawili walizikwa pale, na nyumba ile ya mbao alimokuwa akilala akiwa mtumwa, sasa alilala ndani yake akiwa mtu huru. Bwana Tarrant alikuwa amepoteza watumwa ila ardhi bado anayo, kwa hiyo akaandika mikataba: fanya kazi, upate nyumba na fungu la mpunga. Kwenye mkataba wa Mingo aliongeza mstari mmoja. Mlinzi akifungua lango lolote bila ruhusa, nyumba anaiacha siku hiyohiyo. Mingo hakujua kusoma. Akasomewa, akatia alama yake ya msalaba, akashukuru.

Miaka mitatu baadaye ikaja ile Novemba ya kura. Wanaume weusi walikuwa wameandikishwa, na kwa mara ya kwanza wangechagua rais. Wanawake, hapana. Lakini nenda kawaambie wanawake wa Santee kwamba hayo hayawahusu! Kwenye mikutano wao ndio waliokuwa wakipiga kelele kuliko wote, na Tenah, mke wa Mingo, sauti yake ilifika ng'ambo ya mto.

"Kura ni ya nyumba nzima," alimwambia mumewe asubuhi ile, akimshonea ndani ya kofia karatasi ya kura, aliyogawiwa na chama mkutanoni, isilowe. "Wewe ni mkono tu. Na mkono ukirudi haujafanya kazi, supu ya bamia utajipikia."

"Na chumvi je?"

"Chumvi utalamba mtoni, si ndiyo kazi yako?"

Kituo cha kura kilikuwa kanisani, mwendo wa dakika ishirini. Wanaume arobaini na mmoja wakafika wamevaa nguo za Jumapili. Mlango ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, na tangazo limebandikwa. Mwalimu wa shule ya kanisa akawasomea: kituo kimehamishiwa mjini, mahakamani, na kitafungwa saa kumi na moja jioni.

Mjini kwa barabara ni maili kumi na nane, na daraja lilichomwa wakati wa vita. Kwa mto napo, mto unapiga kona kubwa kama kiwiko, na saa ile maji yalikuwa yanapanda. Ungepiga makasia dhidi yake mpaka mikono ing'oke.

"Wamejua kutupiga," Scipio akasema. "Hata fimbo hawakutumia."

Ila Mingo alikuwa haangalii tangazo. Alikuwa anaangalia mto. Katikati ya kile kiwiko limelala shamba la Tarrant, na mfereji mkuu unalikata kutoka upande mmoja wa mto mpaka wa pili. Kila mwisho una lango kubwa, lile la kupitishia mashua pana za mpunga. Baada ya mavuno mfereji ulikuwa tope tupu. Lakini ukifungua lango maji yakiwa yanapanda, kufika saa saba mfereji umejaa. Mnavuka kwa upondo, mti mrefu wa kusukumia mashua, mnatokea kwa lango la upande wa pili mto ukianza kupwa, na mto wenyewe unawabeba hadi mjini.

Aliyajua yote hayo kwa mara moja. Na alijua pia kwamba nyumba yake imeshaondoka.

"Mume wangu, mbona umegeuka jiwe?" Tenah akauliza. Wanawake walikuwa wamewafuata, kuhakikisha kura inapigwa.

Akamweleza, hadi ule mstari wa mkataba. Tenah akatazama upande wa makaburi, akavuta pumzi.

"Waliolala pale hawalipi kodi," akasema. "Hakuna wa kuwafukuza. Sisi tuna miguu. Kafungue."

Halikuwa jambo la kufungua tu. Kando ya mfereji kulikuwa na malango madogo tisa ya kupeleka maji mashambani, na yote yalikuwa wazi. Yakiachwa hivyo maji yangefika kwenye uwanja wa kupuria, ambako mpunga wa mwaka mzima ulikuwa umelundikwa, wa Tarrant na wa kwao wenyewe. Wanawake wakakunja sketi, wakatawanyika juu ya matuta, wakifunga lango moja baada ya lingine. Mingo akaning'inia kwenye mti wa kuinulia lango kubwa, likalia, likapanda, na maji ya Santee yakaingia kama ng'ombe waliofunguliwa zizi.

Saa saba wanaume wakapanda mashua mbili za mpunga za shambani. Hawajafika hata katikati, Mingo akaona tuta la upande wa uwanja linatoka jasho. Jasho likawa mchirizi, mchirizi ukawa mdomo. Panya wa mtoni walikuwa wamelitoboa.

Akatupa upondo, mguu mmoja ukawa tayari nje. Miaka thelathini ya kazi ilikuwa inamvuta kule.

"Rudisha mguu huo!" Tenah alikuwa anakuja mbio juu ya tuta, wenzake nyuma. Wakatupa shali, wakatupa nyasi, maji yakavitema. Basi Tenah akashuka kwenye tope, akageuka, akalikalia lile tundu kama mtu anakalia kigoda. Maji yakakatika.

"Miaka yote mnanicheka unene," akapiga kelele, "leo nimepata kazi ya serikali!"

Mashua zote mbili zikaangua kicheko. Mingo hakucheka.

"Tenah, maji yana baridi. Hayatashuka chini ya tundu mpaka zipite saa mbili. Na lango kubwa mlifunge yakifika..."

"Yakifika kwenye ufa wa tatu wa nguzo. Nimelala na wewe miaka ishirini na sita, unaongea hayo hata usingizini. Nenda, baba!"

Akaenda. Aliwaachia wengine maji yake kwa mara ya kwanza maishani, na hakugeuka nyuma kwa sababu alijua akigeuka atashuka.

Walifika mjini saa tisa na nusu, wamejaa tope, nguo za Jumapili zote zimekwisha. Kwenye ngazi za mahakama wazungu walikuwa wamesimama na fimbo zao, na katikati yao alikuwa Bwana Tarrant, aliyekuja kupiga kura yake. Aliziona mashua. Zilikuwa zake.

"Mingo. Nani kafungua lango?"

"Mimi, Bwana."

"Mkataba unaujua?"

"Naujua."

Tarrant akashuka ngazi moja, akapunguza sauti. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. "Wewe ndiye mtu wangu bora. Geuka sasa hivi urudi nyumbani, usiingie humu, na mimi sijaona lango. Nyumba utabaki nayo."

Scipio na wengine walikuwa nyuma yake. Mingo aliiona ile nyumba, dirisha lake, kizingiti alichokichonga mwenyewe. Halafu akamwona Tenah, tope kiunoni, midomo imeanza kuwa ya buluu.

"Asante, Bwana," akasema, na alimaanisha, kwa sababu Tarrant alikuwa amemwomba badala ya kumwamuru, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea. "Lakini kura yenyewe si yangu. Mimi nimetumwa."

Akampita. Wenye fimbo wakamtazama Tarrant; hakutoa ishara yoyote, nao wakasogea. Akachana uzi kwenye kofia, akatoa karatasi, kavu kabisa, akaiingiza sandukuni. Nyuma yake wakaingia arobaini.

Usiku walilala kanisani mjini, asubuhi wakapanda na maji. Mpunga uwanjani ulikuwa mkavu. Lango kubwa lilikuwa limefungwa, kwenye ufa wa tatu. Na vyombo vya Mingo vilikuwa vimetolewa nje, Tenah amekaa juu ya sanduku, anapiga chafya.

"Umepiga?"

"Nimepiga."

"Basi beba sufuria."

Walihamia msituni kwa kaka yake Tenah, kwenye kibanda cha misonobari. Watu hawakuwaacha. Mmoja alileta kuku, mwingine blanketi, Scipio alileta mlango. Hakuna aliyejua ameung'oa wapi, na hakuna aliyeuliza. Mingo alikuwa akikaa nje jioni anawataja kwa majina wale wanawake waliofunga malango, mmoja mmoja, kama mtu anayesali.

Mwishoni mwa mwezi ikaja bamvua, maji makubwa kuliko yote ya mwaka. Tarrant alikuwa amempa malango Kell, msimamizi wake, mtu aliyejua farasi. Siku ya pili Tarrant mwenyewe akatokea msituni, matope hadi magotini.

"Mingo. Maji."

"Kell kafanya nini?"

"Kafungua lango la tatu."

"Yakiwa yanapanda?" Tenah akadakia toka ndani. "Hata kuku wangu asingefungua!"

Tarrant akatoa karatasi na wino. Alikuwa amekuja navyo. "Sema unachotaka."

"Nyumba turudi, na ule mstari ufutwe," Mingo akasema. "Siku ya kura iwe siku ya kura, na malango yawe mkononi mwangu. Halafu uandike mlinzi wa pili, kwa ujira wake mwenyewe. Tenah."

"Mwanamke?"

"Siku ile lango kubwa lilifungwa na nani, Bwana? Mimi si nilikuwa mjini, tunatazamana?"

Tarrant akazungusha kalamu vidoleni. Mbali, toka upande wa mto, ikasikika ardhi ikianguka majini, tuta lingine limekwenda. Akaandika.

Mingo akatia msalaba wake. Tenah akashika kalamu kama anashika nyoka, akatia wa kwake, mkubwa, ukafunika nusu ya karatasi. Hakungoja wino ukauke. Wenzake wanafika mtoni, alishakuwa juu ya tuta, anawagawia Scipio na majirani magunia ya mchanga.

"Mume wangu, wewe na Scipio lango la tatu. Mimi nakwenda la tano." Akamgeukia mtu wa mwisho aliyesimama mikono mitupu. "Na wewe, Bwana, chukua hilo gunia. Begani, si mkononi hivyo. Twende."