Msamba Juu ya Viti Viwili

Zamani Kocha alicheza jimnastiki ya utepe, na majaji walimtazama mpaka wakasahau kuandika alama. Alipofika miaka kumi na tisa, mwalimu wake alimkalia kiunoni ili msamba ushuke zaidi. Nyonga ikalia ko! Toka siku hiyo anachechemea, na kazi yake ni kufundisha.

Juzi bintiye alipiga msamba juu ya viti viwili, mguu huku, mguu kule, naye akimkandamiza mabega. Kesho yake timu ingechaguliwa.

“Mama, inauma. Inatosha.”

“Mama yako yuko nyumbani. Hapa kuna Kocha. Shuka, usinidekee!”

Nyonga ikalia ko! Wasichana waliosubiri zamu yao wakarudi nyuma. Sauti ile Kocha aliijua kuliko jina lake.

“Anayefuata,” akaita, akachechemea kwenda kuvipangusa viti.