Kiganja cha Kaka

Mtaani walimwita Risasi, kwa sababu harufu ya risasi ya kulehemu ilikuwa imeganda kwenye nguo zake na haikutoka hata kwa sabuni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, fundi wa redio na amplifaya. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na mama: meza moja, dirisha moja, na juu ya meza taa ya mrija iliyonguruma mchana kutwa. Wateja walimwuliza kwa nini haibadilishi.

"Mlevi wa mtaa humfukuzi," alikuwa akijibu. "Ndiye anayekuonyesha mlango usiofungwa vizuri."

Alimaanisha kwamba taa mbovu humwaga kelele zake hewani, na chombo kisicho na kinga huzidaka. Kila alichokitengeneza alikiwasha kwanza chini ya taa ile. Kikinyamaza, kimepona.

Jumatano asubuhi kaka yake aliingia, akalilaza gitaa lake la umeme mezani kama mgonjwa.

"Mdogo wangu, nimekuachia hili. Uza, gawa, ukipenda lizuilie mlango."

"Mlango wangu una komeo, kaka. Kuna nini?"

Kaka alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya ukumbi wa mtaa kwa miaka ishirini na minne. Walimwita Kiganja, kwa jinsi alivyouacha mkono wa kulia ulale juu ya nyuzi kila alipotulia, kama mtu anayembembeleza mtoto. Vijana waliuiga mkono ule. Lakini tangu mwaka jana mkono ulianza kutetemeka. Dawa za daktari zilipunguza tu mtetemo, hazikuuondoa. Sasa uliruka kutoka kwenye nyuzi bila ruhusa, na kila uliporuka gitaa lilivuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Kiongozi wa bendi, mtu mpole, alikuwa amemwambia kwa upole: mazoezi ya Jumamosi ndiyo ya mwisho kuvumilia mvumo ule. Baada ya hapo atatafuta mpigaji mwingine.

Risasi alilichomeka gitaa kwenye amplifaya chini ya taa. Likavuma. Akaweka kiganja chake juu ya nyuzi, likanyamaza. Akakiondoa, likavuma. Alirudia mara tatu, na mara ya tatu alihisi shingo ikipata moto. Alifungua kifuniko cha nyuma. Ndani mlikuwa na waya na mbao tupu, bila bitana yoyote ya kuzuia kelele. Alizijua waya zile. Yeye ndiye aliyezifunga, kazi yake ya kwanza maishani.

"Limekuwa likivuma tangu lini?"

Kaka alitazama dirishani. "Tangu siku ulipolifunga waya."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa umeutangazia mtaa mzima kwamba sasa wewe ni fundi wa magitaa. Ningesema nini? Niliweka kiganja, likatulia. Watu wakasema huo ni mtindo. Nami nikawaachia mtindo wao."

Risasi alichukua bisibisi.

Alibandua karatasi nyembamba ya shaba kutoka kwenye transfoma iliyokufa, akaikata vipande, akavibandika kwa gundi ndani ya shimo la gitaa, kila kipande kikipanda juu ya mwenzake. Kimoja alikiunga na waya wa ardhi, ule unaozipa kelele njia ya kupotelea. Alifanya haraka, kwa haraka ya mtu mwenye aibu. Alhamisi, kaka aliporudi, waliliwasha. Mvumo ulikuwa palepale.

"Basi, mdogo wangu. Hata gitaa lina haki ya kuzeeka."

"Kaa chini, kaka. Unanizibia mwanga."

Alishika mita, ile inayolia pale umeme unapopata njia. Kipande chenye waya wa ardhi kililia. Cha pili, kimya. Cha tatu, kimya. Gundi ilikuwa imejaa katikati: vipande vilipandana lakini havikugusana, kila kimoja kisiwa chake. Ndipo alipomkumbuka mama, aliyeshona nguo katika chumba hikihiki, na alivyokuwa akimrushia koti usoni akisema: bitana usiyoishona ni tambara tu lililojificha.

Akakwangua gundi. Akapasha chuma cha kulehemu, akadondosha tone la risasi kwenye kila mshono, matone kumi na mawili, akichunga shaba isiguse waya wa sauti, maana ikiugusa gitaa huwa bubu kabisa. Mita ikalia kila alipogusa.

"Toa mkono," alisema baada ya kuliwasha.

"Nitoe?"

"Toa, kaka."

Mkono ukabaki hewani, ukitetemeka. Kilichosikika ni taa peke yake, ikilewa juu yao.

"Umezima amplifaya," kaka akasema.

"Piga uzi."

Uzi ukajaza chumba.

Jumamosi, kwenye mazoezi, Risasi alisimama mwishoni mwa ukumbi, karibu na swichi ya taa. Kuna wimbo wa taratibu ambao katikati yake vyombo vyote husimama. Vikasimama. Mkono wa kaka ukaruka, ukaning'inia mbele ya wote, ukitetemeka, na hakuna kilichovuma. Kiongozi aliutazama mkono ule, akasikiliza ukimya hadi mwisho wake, kisha akahesabu, wakaingia pamoja. Wimbo ulipokwisha alisema tu, "Kiganja, unaofuata unaanza na wewe."

Kaka aliitikia kwa kichwa. Kisha, polepole, akakirudisha kiganja juu ya nyuzi.

Walipokuwa wakitembea kwenda nyumbani, Risasi akamwuliza, "Mbona umekirudisha? Sasa hakihitajiki."

"Tahadhari," kaka akasema, akihamishia gitaa bega la pili. "Fundi wangu namjua."